Filimbi ya Refa Katika Chumba cha Mionzi

Mheshimiwa Mganga Mkuu, madaktari na wauguzi, wataalamu wa chumba cha mionzi, wagonjwa na jamaa mliokuja, na wewe Mama Tulia tunayekuaga leo unapostaafu: shikamooni.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Babu yangu aliyeketi pale mbele. Siku ya kwanza ya matibabu yake nilimfuata Mama Tulia kwenye korido, nikamwuliza kwa sauti ndogo: je, Babu ni mzee mno kutibiwa?

Wengi wenu mnamwita Babu Refa, kwa sababu alichezesha mpira mpaka magoti yakagoma. Alipopata saratani ya kibofu, mkojo wake ulitoka na damu, na tulipokuwa tukibadilisha shuka zake asubuhi aligeuza uso ukutani kwa aibu. Moyo wake usingehimili upasuaji. Daktari hakutuficha: mionzi ingeweza kuzuia damu na kupunguza maumivu, na kwa mzee dhaifu kama yeye ingetolewa mara moja kwa wiki, ili safari za kila siku zisimmalize. Zaidi ya hapo hakutuahidi kitu.

Mama Tulia, unaikumbuka siku ile? Kibofu kilitakiwa kiwe kitupu, ukamwomba aende chooni.

“Nimekojoa nyumbani, nimekojoa getini, na hapa tena?” Babu akasema. “Kwani mimi bomba?”

“Leo wewe ndiye bomba letu, mzee wangu. Twende.”

Akalazwa kwenye kitanda cha mashine, akaambiwa atulie, na akipata shida ainue mkono, kwani mngemwona kwenye kamera. Mlango mzito ukafungwa. Mashine ilipoanza tu, Babu akainua mkono. Mkaizima, ukakimbilia ndani.

“Umeumia wapi?”

“Sijaumia. Nilikuwa naashiria mchezo uendelee.”

Ikawa hivyo tena, na tena, na kila mara alijisogeza, mkalazimika kumpima upya, mpaka mkaahirisha. Baba mdogo, aliyekuja nasi, akasema, “Mzee amechoka. Tumwache apumzike nyumbani.” Babu, ambaye hajawahi kukosa la kumjibu Baba mdogo, aliomba tu koti lake. Hilo ndilo lililonitisha, nikakufuata na swali langu.

Ungeweza kuniambia niende nikacheze. Badala yake uliniuliza, “Huko uwanjani alikuwa anapuliza filimbi ovyo?”

“Hapana. Anasema refa anayepuliza bila kosa hafai.”

“Basi wiki ijayo mje nayo.”

Wiki iliyofuata ukamshikisha filimbi yake. “Refa, leo mikono inabaki kifuani. Ukiona kosa, puliza. Kipaza sauti kiko wazi.” Babu akalala kama gogo, siku ile na wiki zote zilizofuata. Alichoka, ndiyo. Choo alikikimbilia mpaka akakitukana. Lakini filimbi haikulia, na kidogo kidogo tukaanza kutoa shuka kitandani zikiwa nyeupe.

Ndugu wageni waalikwa, ni katika kitabu gani mtaalamu wa mionzi hufundishwa kuuliza habari za filimbi? Mimi husoma sana, na sijakiona. Ndiyo maana najivunia kusimama hapa kumsifu mama ambaye kabla ya kuiwasha mashine alitaka kwanza kujua amemlaza nani.

Siku ya mwisho mlango ulipofunguliwa, filimbi ililia, ndefu. Ukaingia mbio: “Kosa gani?”

“Hakuna kosa,” Babu akasema. “Mpira umekwisha.”

Naona sasa Babu ameinua mkono pale mbele. Daktari, usihangaike, hajaumia. Ananiashiria niendelee, kwa hiyo nadhani swali langu lile amenisamehe.

Mama Tulia, nakutakia ustaafu mwema, na filimbi hii Babu anakuachia wewe. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho.

Siku ile ya mwisho ya matibabu, baada ya filimbi, nilimpa Babu fimbo yake, nikamfunga kamba za viatu, nikampeleka chooni mara moja zaidi. Kisha tukatembea polepole hadi getini, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba koti lake.