Nyama ya Harusi ya Bi Mwanatabu

Ungekuwa wewe, umewekewa sinia ya pilau harusini kwa Bi Mwanatabu, ukaipekua yote usikute hata kipande cha nyama, ungenyamaza? Jalila, mtoto wa kaka yangu, hakunyamaza. Mbele ya wageni waliotoka Kisauni aliuliza, "Nyama iko wapi?" Wazee wa kijiwe chetu hapa Likoni, ambao ndio waliosimamia shughuli hiyo, wakapitisha hukumu: aje aombe radhi, ama asikanyage tena harusi ya mtaa huu. Nikamleta. Benchi lao halikaliwi na wanawake. Nikakaa katikati, nikaagiza kahawa. Walikuwapo Jaji, ambaye mahakamani kafika mara moja tu, tena kwa kesi ya kuku. Daktari, muuza mizizi. Griffin, dereva wa malori, tunayemwita Bara kwa kuwa katokea huko. Na Mzee Masha, mpishi wa harusi zote za huku, akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Shikamooni, nikasema. Mtoto haombi radhi.

Jaji: Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdomo wa mtoto huyu ni ufa.

Mimi: Na sufuria yenu je?

Daktari: Nyama ikichemka sana huyeyuka. Ndiyo maana wakasema haba na haba hujaza kibaba.

Jalila: Mbona viazi havikuyeyuka?

Bara: Zii, siyo hivyo, wazee. Hiyo ng'ombe ilidungwa sindano ya kunenepa. Ni maji tu. Ikishika moto, inakuwa mvuke.

Jalila: Na mifupa ikawa mvuke?

Jaji: Ni jini! Wallahi, jini la sufuria. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Jalila: Mbona wali halikula?

Jaji: Halili wali.

Jalila: Kwa nini?

Jaji: Lina kisukari.

Daktari: Mtoto wa maswali kama haya mimi nina dawa yake.

Mimi: Kunywa wewe kwanza.

Jaji: Basi! Jalila, simama. Sema "nisameheni", yaishe.

Akasimama.

Jalila: Shangazi, nisiposema, harusi ya jirani yetu Dhahabu siendi?

Mimi: Utaenda. Nami nitakushika mkono hadi mlangoni, nimwone wa kutuzuia. Sema unachotaka kusema.

Akawapa mgongo wote, akamgeukia mpishi.

Jalila: Babu Masha, mpishi si huonja? Ulipoonja, nyama ilikuwamo?

Jaji akainuka amkalishe.

Mzee Masha akaweka kikombe chini.

Masha: Mwacheni mtoto. Niliiopoa nyama kwenye supu, nikaifunika kando nije niichanganye na wali. Nikaisahau. Kuja kukumbuka, wali nishaupalia makaa, wageni wako mlangoni. Watu waseme Masha kasahau nyama? Mimi?

Jaji: Ng'ombe mzima, Masha?

Masha: Mzima. Nimemzika nyuma ya jiko la Bi Mwanatabu, kwa mikono yangu hii.