Ukuta wa Tadeo

INEZA: Haloo? Nani anaongea?

MOUSSA: Namba yangu umeshaifuta?

INEZA: Fundi Moussa. Amahoro.

MOUSSA: Hiyo amahoro ubaki nayo. Uko wapi?

INEZA: Magara, kwa dada yangu. Ndiyo salamu hizo? Tangu tumuzike Tadeo hujanipigia hata mara moja, leo unakuja na—

MOUSSA: Leonidasi amekuona. Yule muzamu anayelinda depo ya mawese. Jana asubuhi, wewe na ndoo ya chokaa, unapaka ukuta wa Tadeo pale depo. Sema si wewe.

INEZA: Ni mimi.

[rezo ya simu inakwaruza]

MOUSSA: Haloo?

INEZA: Nimesema ni mimi. Umesikia.

MOUSSA: We mutoto una roho gani? Mutu amekufa. Kazi yake ya mwisho duniani iko pale, mji muzima unapita unaiangalia, na wewe unachukua chokaa. Jumamosi wanaganduka, wanamaliza kilio cha mutoto wao. Pascasie, mama yake, amealika watu mpaka Bugarama waje kusimama mbele ya ule ukuta. Umempa nini cha kusimamia? Weupe.

INEZA: Najua ni Jumamosi.

MOUSSA: Unajua? Basi ni uchawi. Leo alfajiri mama wa watu amekwenda kama anavyokwenda kila siku kabla ya kufungua meza yake ya ndagala. Unajua anafanya nini pale? Anaweka mukono ku herufi ya kwanza, ile T, anamusalimia mutoto wake. Leo amepapasa chokaa. Amekuja mulangoni kwangu mikono iko myeupe. Nimemukalisha, chai imepoa mbele yake.

INEZA: T alionyeshwa na nani?

MOUSSA: Nini?

INEZA: Ile T. Mama Tadeo hajui kusoma herufi za kusuka. Nani alimushika mukono akamwambia hii ndiyo T?

MOUSSA: Mimi. Kwa nini nisimuonyeshe? Mimi ndiye nilimufundisha Tadeo herufi. Na wewe. Ulikuja kwangu hujui kushika brashi, nikakupa makaa na kipande cha ubao wa triplex. Kwanza mifupa ya herufi, halafu nyama, halafu kivuli. Nani alikwambia kivuli chote kiende upande mumoja?

INEZA: Wewe.

MOUSSA: Upande gani?

INEZA: Mulima. Jua la jioni linapiga kutoka ziwani, kivuli kinaenda upande wa mulima. Nimesahau nini mimi?

MOUSSA: Umesahau adabu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

INEZA: Mifupa, nyama, kivuli, sawa, ni vyako. Herufi za kuvimba ni zako pia. Lakini kusuka hukumufundisha wewe. Alikwenda Bujumbura, akakaa na wale vijana wa bombe, wanaopuliza rangi ku kuta, akarudi nayo. Herufi zinapanda juu ya zingine, moja inapita chini ya mwenzake na kutokea mbele, zina mishale, kama nywele za bi harusi. Wewe ulisema ni takataka.

MOUSSA: Nilisema ni ngumu kuuza. Mwenye duka anataka mutu asome «Quincaillerie» akiwa ku pikipiki—

INEZA: Ulisema takataka. Nilikuwepo.

MOUSSA: Sasa ndiyo kisasi? Miaka yote unafuga hiyo? Sikukufukuza mimi, uliondoka na miguu yako.

INEZA: Akufukuzaye hakwambii toka.

MOUSSA: Usinipigie methali, na uniti za simu ni zangu. Sikiliza. Utapanda gari leo hii. Utakuja kuusugua ule ukuta mpaka jina lake litokee. Ukishindwa utaliandika upya vile lilivyokuwa, na mimi nitasimama nyuma yako.

INEZA: Utasimama kufanya nini? Utanisahihisha?

MOUSSA: Nitakusahihisha, ndiyo.

INEZA: Fundi. Lilikuwa limeandikwaje? Nisomee. Baada ya ile T yako, kilifuata nini?

MOUSSA: Usinifanyie mutihani.

INEZA: Mwaka muzima unawasomea watu. Wageni wakishuka pale parkingi unawapeleka, unawaambia hii T, hii A, ile pale O. Nimesikia mpaka huku Magara. Nikawa najiuliza, huyu mutu anajikaza au haoni kweli?

MOUSSA: Haoni nini?

INEZA: Hakuna T pale mwanzo. Haijawahi kuwepo.

[mbali, honi ya gari]

MOUSSA: Unasema upuuzi.

INEZA: Kwa sababu ya fahari yako hukuuliza mutu. Ungeniuliza mimi. Tadeo mimi alinifundisha kusuka, pale nyuma ya atelie, ukienda kuswali. Wewe ulikuta ukuta umejaa, mutu amekufa wiki ile ile ku pikipiki barabara ya Nyanza-Lac, ukaamua ni jina lake. Mji wote ukaamini, si Fundi Moussa amesema?

MOUSSA: Mutu akichora ukuta mukubwa namna ile anaandika jina lake. Ndiyo kazi yenyewe.

INEZA: Kwa wengine. Kwako jina lake aliandika lini?

MOUSSA: Atelie ni moja, sahihi ni moja. Nilikuta hivyo kwa baba yangu.

INEZA: Ukuta wa hoteli, unaukumbuka? Ule wa samaki na mawimbi. Alichora peke yake, wewe ulikuwa na homa. Akaweka chini jina lake, dogo, hata mbuzi angepita pale asilione. Ukaja na terebantini na kitambaa, ukalifuta mbele ya watu, mbele ya mama yake amepita na beseni. Ukaandika «Moussa Déco» na rangi mbili. Tadeo akachukua bombe zake akaenda ku ukuta wa depo.

MOUSSA: Siku ile ile?

INEZA: Siku ile ile.

MOUSSA: Aliandika nini?

INEZA: Wacha tu.

MOUSSA: Ineza. Aliandika nini?

INEZA: «Moussa anakula majina ya watu.»

[upande wa Moussa, mlango unafungwa]

INEZA: Haloo?

MOUSSA: Niko.

INEZA: Ile uliyomuonyesha mama yake ni M. M ya jina lako. Mwaka muzima anasalimia jina lako.

MOUSSA: Nyamaza.

INEZA: Wewe ndiye umetaka. Na mimi ningenyamaza mpaka kaburini, Mungu shahidi yangu. Lakini Mama Tadeo amewaalika wale vijana wa Bujumbura. Amemuomba mumoja wao, wakati wa hotuba, asimame ku ukuta awasomee watu jina la mutoto wake kwa sauti. Wale wanasoma kusuka kama wewe unavyosoma kibao cha duka. Angesoma nini, Fundi? Mbele ya wakwe, mbele ya wachungaji, mama amekaa kiti cha mbele?

MOUSSA: Ungeniambia.

INEZA: Nikuambie wewe? Ungesema natukana.

MOUSSA: Basi ungemwambia yeye.

INEZA: Nimwambie neno la mwisho la mutoto wake ni hasira? Aende nalo nyumbani? Sikufuta kwa ajili yako, usijidanganye. Wewe ningekuacha usomwe.

MOUSSA: Na ule weupe? Jumamosi wataona nini?

INEZA: Chokaa inakauka. Kesho nakuja na bombe. Naandika TADEO, herufi za kuvimba, kubwa, kila moja peke yake, mama yake ajifunze kuisoma mwenyewe. Na T itakaa pale pale alipozoea kuweka mukono.

[rezo inakatika na kurudi]

MOUSSA: ...kivuli?

INEZA: Sikusikia.

MOUSSA: Nimeuliza kivuli utapeleka wapi.

INEZA: Mulima. Nitapeleka wapi kwingine?

MOUSSA: Sahihi chini?

INEZA: Hakuna sahihi. Jina pale ni moja. Na usije kusimama nyuma yangu, sikutaki.

MOUSSA: Siji. Mama yake nimwambie nini? Bado amekaa hapa nje.

INEZA: Mwambie ukuta ulikuwa unabanduka rangi, tunautengeneza. Umemudanganya mwaka, ongeza siku moja.

MOUSSA: [anakohoa] Terebantini. Siku ulipoondoka uliiweka wapi?

INEZA: Ya nini? Moussa, ukigusa ule ukuta wangu, haki ya Mungu—

MOUSSA: Si ule.

INEZA: Upi?

MOUSSA: Wa hoteli.

INEZA: Iko kwenye bidoni, lile dumu la njano, nyuma ya mulango. Chini ya magunia.

MOUSSA: Sawa.

INEZA: Na usifikiri tumepatana.

MOUSSA: Sijasema tumepatana. Uniti zinaisha.

INEZA: Chukua kitambaa kikavu, si kile cha mafuta. Anza na nyekundu, ile ya juu. Ukifika ku nyeusi punguza mukono, sugua polepole, maana sahihi ya Tadeo haikutoka yote, iko chini pale, inaweza ku— Fundi? Haloo?

[simu imekatika]