Aliyehifadhi Mbegu kwa Kuzipanda

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu alinipa masharti mawili kuhusu wasifu huu: nisimwite malaika, na nisiwachoshe watu. La kwanza ni jepesi kwangu, kwa kuwa nimekua naye chumba kimoja. La pili nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, alfajiri, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi cherehani na mkewe mkunga. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya karakana ya baba, vyumba viwili na ua wa saruji. Mama alikuwa akisema alitoka tumboni macho wazi, akikagua kama kuna kitu kinachoharibika. Mimi sikuwapo, lakini naamini, maana hata uzeeni hakuweza kuingia jikoni kwa mtu bila kufungua friji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na sekondari ya wasichana mwaka 1968. Mwalimu wa sayansi aliwaagiza waoteshe maharage kwenye pamba yenye maji, mahali penye giza. Marehemu alitafuta nyumba nzima, akachagua kiatu changu kipya. Maharage yaliota vizuri sana, na alipata alama za juu. Kiatu hakikupona. Mwaka 1974 alijiunga na chuo kikuu kusomea sayansi ya mimea, akahitimu shahada ya kwanza 1977 na ya pili 1981.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao, kwenye chumba cha baridi kinachotunza mbegu za aina za zamani ambazo wakulima wengi wameacha kuzipanda. Aliwakuta wenzake wakijivunia kwamba pakiti hazijafunguliwa tangu siku zilipofungwa. Yeye akazifungua. Alichukua mbegu chache katika kila pakiti, akaziotesha, aone kama zingali hai. Katika baadhi ya aina haikuota hata mbegu moja. Zilikuwa zimejifia kimyakimya ndani ya pakiti safi zenye lebo nzuri. Siku hiyo alikuja kwangu akalia kama mtu aliyefiwa.

"Tumelinda maiti, mdogo wangu," aliniambia. "Na tulikuwa tunapeana hongera."

Tangu hapo alianzisha utaratibu wake: kila aina ijaribiwe kwa zamu, iliyodhoofika ipandwe, ivunwe, mbegu mpya zirudishwe baridini. Mkuu wake alilalamika kwamba anazimaliza mbegu. Marehemu hakubishana, alimwalika aje kuona zinavyochanua, na mkuu akaja na mkewe. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2014. Wenzake walimwita Mama Baridi kwa sababu ya koti zito la sufu alilosahau kulivua hata akitoka nje juani.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa fizikia, wakajaliwa binti mmoja. Hapo ndipo vita vilipoanza, tena vitamu. Shemeji amefundisha maisha yake yote kwamba nishati haipotei, hubadilika tu. Binti yao naye anatunza vitambaa vya kale katika makumbusho. Kazi yake ni kuvaa glavu, kupunguza taa na kufukuza watu wenye vidole. Basi mezani ilikuwa hivi: baba anasema hakuna kinachopotea, binti anasema usikiguse, mama anasema kichukue ukipande. Chakula kilipoa kila siku. Mgeni angedhani wanagombea urithi, kumbe watu wanastarehe.

Agosti 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipokea habari hizo kwa utulivu, akauliza kwanza kuhusu kunde. Kulikuwa na aina moja iliyodhoofika, haijulikani kuwapo popote pengine, na shamba la kituo lilikuwa limevamiwa na wadudu. Kituo kilimruhusu aipande uani kwake. Mbegu zilizobaki zilijaa kiganja tu. Alipanga nusu zipandwe, nusu zibaki kwenye friji ya barafu kama akiba.

Kwa kuwa alikuwa kitandani, alimtuma shemeji. Shemeji akaitoa pakiti kwenye barafu, akaifungua papo hapo ikiwa bado baridi, akachukua nusu, akafunga, akarudisha. Lakini pakiti ya baridi ikifunguliwa kwenye hewa ya joto hupata umande. Ile akiba ilirudi kwenye barafu ikiwa imelowa, ikafa yote. Mwalimu wa joto na baridi, miaka thelathini na tano!

Dada alipoambiwa alicheka mpaka tukamshika mgongo. "Fizikia yote hiyo, mume wangu, umande ukakushinda?" Halafu akawa hacheki tena. "Sikiliza. Sheria yako hufanya kazi hata watu wote wakilala. Yangu inataka mtu wa kuamka. Nikiondoka, ataamka nani?"

Shemeji hajawahi kumwagilia hata ua la kwenye kopo. Alimshika mkono. "Nitaamka mimi," alisema.

Na akaamka, kila alfajiri. Zile zilizopandwa zikaota, zikatambaa, zikachanua, na marehemu alizitazama kutoka dirishani akiwa na furaha ambayo sisi tuliomuuguza hatutaisahau. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri. Tulimtafuta shemeji nyumba nzima ili tumpe pole. Tulimkuta uani, akipapasa maganda moja moja huku analia.

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, na wadogo zake wawili, mimi nikiwa mkorofi zaidi.

Jambo la mwisho ni ombi la shemeji. Kunde zimekauka leo. Zikingoja kesho, maganda yatapasuka na mbegu zitamwagika chini. Kwa hiyo mtamwia radhi, mazishi yakiisha hataketi kupokea rambirambi. Atakuwa uani, anavuna. Anayetaka kumpa pole amfuate huko, aje na mikono mikavu.

Dada yetu, lala kwa amani. Sisi tuko macho.