Salamu ya Fundi Sauti

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sauti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa karani wa stesheni na mshona nguo. Bibi, mama yake, alikuwa akisimulia kwamba mtoto alichelewa kulia hadi mkunga akaanza kukata tamaa, kisha akalia mpaka majirani wakatoka nje.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kwenye nyumba za reli. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba yake, akachapwa. Akaifungua tena, safari hii ikaimba, akasamehewa. Mwaka 1968 alihitimu chuo cha ufundi, upande wa redio na umeme.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuvuta nyaya katika jengo lililokuwa likipanda katikati ya mji mkuu, kwenye kiwanja kilichokuwa kimeota majani na kutuama maji. Hilo ndilo likaja kuwa Ukumbi wa Mikutano. Ulipofunguliwa Septemba 1974, wenzake walikwenda kutafuta ujenzi mwingine, yeye akabaki na vipaza sauti hadi alipostaafu mwaka 2008. Mahasimu wawili walipotia saini mkataba wa amani mle ndani, marehemu alikuwa amechuchumaa chini ya jukwaa, ameshika waya uliolegea, hata kukohoa haruhusiwi. Picha ya siku hiyo ipo nyumbani. Kwenye kona unaonekana mguu wake. Baadaye mikutano mikubwa ilipungua, zikaja harusi na maonyesho ya simu. Paa likavuja, ndoo zikapangwa katikati ya viti vya wajumbe. Aliyaona yote hayo na yalimuuma kama vile anayeumwa ni ndugu yake.

Jambo moja lilimkera kazini: fundi anayejaribu kipaza sauti kwa kusema "haloo, haloo".

"Unamwambia nani?" alikuwa akiuliza. "Sema na mtu. Akikujibu, ujue imefika."

Kwa hiyo kila asubuhi ya mkutano alimsalimu mtu aliye mbali kuliko wote, kule jikoni, mwisho wa korido, ilikotundikwa spika ya mwisho. Mtu huyo alikuwa mama yetu, aliyekuwa akipika chai ya wajumbe.

Ilianza kwa bahati mbaya. Asubuhi moja ya mwaka 1976, akidhani amezima spika za korido, alimnong'oneza mwenzake: "Yule dada wa mabirika mbona leo kanuna? Au hakuamka salama?" Jiko zima likasikia. Yule dada akachukua upawa, akagonga sinia kwa nguvu, akapaza sauti: "Nimeamka salama, na sijanuna!" Fundi aliona aibu ya mwaka. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, na tangu hapo jaribio lilikuwa lilelile. Yeye anauliza, "Umeamka salama?" Sinia linajibu. Hata siku walizonuniana nyumbani, sinia lilijibu.

Novemba 2021 kiharusi kilimwangusha bafuni. Kilimwachia akili yake, kikamnyang'anya maneno. Kila asubuhi Mama alikaa kando ya kitanda akiingoja ile salamu.

"Baba watoto, jaribu tu," alimwambia. "Hata nusu yake."

Alifungua mdomo, yakatoka machozi.

Mwaka jana, ukumbi ulipokaribia kufungwa kwa ukarabati, mafundi waliomrithi walituomba tumpeleke. Tukampandisha jukwaani na kiti chake cha magurudumu, wakampa kipaza sauti. Mama, bila kuambiwa na mtu, akashika njia ya jikoni. Baba alikaa nacho mdomoni kwa muda mrefu. Kilichotoka ni pumzi, pumzi tupu, nzito, ikaenea ukumbi wote na korido yote. Kule mbali sinia likagongwa. Sisi tulilia, yeye akacheka.

Alifariki dunia hospitalini, Jumanne tarehe 4 Juni 2024, wakati wa chai ya asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Haya ninayoongeza hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Leo asubuhi, kabla hamjafika, aliyekuja kutufungia vipaza sauti hivi alianza kujaribu kwa "haloo, haloo". Mama aliinuka kwenye kiti, akamwomba kipaza sauti, akaligeukia jeneza.

"Umeamka salama?"

Sauti ilikwenda mpaka barabarani. Mama akasubiri. Tulisubiri naye, hadi yeye mwenyewe alipokirudisha kipaza sauti na kukaa.

Lala kwa amani, Baba. Salamu yako ilifika.