Danieli Senyagwa, Rubani Aliyelala Chini ya Bawa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, familia inaomba radhi mapema kwamba historia hii itasomwa vibaya, kwanza kwa sababu imeandikwa na kaka wa marehemu, mzee Theodory, ambaye mwandiko wake unafanana na nyayo za kuku aliyekimbizwa, na pili kwa sababu msomaji ni mimi, Donati, shemeji wa marehemu, ambaye mmezoea kuniona jukwaani nikichekesha watu, kwa hiyo penye kosa lolote mlaumuni mzee Theodory.

Marehemu Danieli Senyagwa alizaliwa tarehe 3 Juni 1936 huko milimani Mamboya, wilayani Kilosa, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1944, akamaliza shule ya kati mwaka 1954, na mwaka uliofuata akaajiriwa karani wa tiketi stesheni ya Kilosa, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alichoka kuwakatia watu safari za kwenda asikokwenda yeye. Uhuru ulipopatikana, wakatafutwa vijana wa kusomea urubani, akajitokeza, akapelekwa ng'ambo Januari 1963, akarudi Septemba 1965 akiwa na leseni, na siku ya kwanza alipopita na ndege juu ya Kilosa mama yake aliingia ndani akafunga mlango, akisema kama ni kuanguka basi aanguke mbele ya macho ya wengine.

Tarehe 16 Desemba 1967 alifunga ndoa hapa Kilosa na dada yetu Yudith, wakajaliwa watoto watatu, Fausta, Nikolaus na Anastazia, ambao wote wapo hapa.

Sasa tufike Mikumi, maana hapo ndipo marehemu alipojulikana. Mwezi Agosti 1974, wakati wa kuhamia vijijini, alikuwa akirusha ndege ndogo ya kubeba viongozi, kutoka mkutano hadi mkutano, asubuhi Dodoma, mchana Iringa, jioni Morogoro, siku ya nne mfululizo, na tarehe 20 alipotua Mikumi akiwa na kiongozi mmoja wa mkoa na wenzake wanne, alijiuliza jambo likamtoa jasho: mashamba ya miwa ya Kidodi aliyaona yakiwa mbele, kisha akayaona yakiwa nyuma, lakini kupita juu yake hakukumbuki kabisa. Akazima injini, akavua viatu, akatandika koti chini ya bawa, akalala.

Kiongozi akaja juu, akasema nchi nzima inakimbia, wewe ndugu unalala, huu ni uhuru na kazi au uhuru na kitanda, naye marehemu bila kuinua kichwa akamjibu, "Ndugu, mimi nikisinzia sisinzii peke yangu, tunasinzia sita." Akaahidiwa kwamba leseni ile atakwenda kuwindia ndege wa mtama, kiongozi akapanda Landrova iliyokuwa imetoka Dodoma kuja kumlaki, akamwamuru dereva akanyage mafuta hadi Kilosa.

Marehemu akasimamishwa kazi, akalima hapa Chanzuru miezi saba, leseni ikiwa mezani kwa wengine, wanawe wakiitwa watoto wa Bwana Usingizi, na dada Yudith akiwajibu wasemaji kule kisimani kwamba afadhali mume anayekoroma nyumbani kuliko anayeliliwa nyumbani. Machi 1975 akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akajua siku hiyo ama anarudi angani ama anabaki na jembe, na shahidi wa kwanza akaingia yule yule kiongozi, bega moja limepinda, kwa maana dereva wa Landrova naye alikuwa hajalala tangu Dodoma, na gari halikufika Kilosa, lilifika mtaroni. Akasema maneno machache, "Ndugu zangu, nilimwacha aliyelala, nikamfuata anayesinzia." Leseni ikarudi siku hiyo hiyo, na tangu hapo pale kazini rubani akisema amechoka hakuulizwa mara ya pili, na marehemu akaruka hadi mwaka 1982 bila abiria wake hata mmoja kuchubuka.

Mwaka huo figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na hata kitandani alikataa sindano ya daktari mwenye macho mekundu mpaka aeleze alilala lini, daktari akacheka, akamwachia mwenzake zamu. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Machi 1983, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari, hasa huyo aliyekubali kwenda kulala, majirani wa Chanzuru kwa kuni, maji na unga, na marubani wenzake waliofika kutoka mbali, tena wakapumzika njiani.

Kuhusu makosa ya usomaji, mzee Theodory asamehewe, mwandiko hauna hatia, maana msomaji hajafumba macho tangu Jumatano, amekesha hapa msibani akiimba, na hapa aliposimama hakumbuki kama Kidodi ameisoma au ameiruka, lakini alipoulizwa kama amechoka, alijibu hajambo, akashika kipaza sauti na ninyi nyote mkiwa abiria. Pumzika shemeji, lala kwa amani uliyoitolea jasho, na utucheke tu huko uliko, maana leo na sisi tumemwacha aliyelala, tukamfuata anayesinzia.