Miaka Thelathini na Minne ya Drahomíra Kwenye Anilini

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Drahomíra Zapletalová anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kitengo cha anilini cha kiwanda chetu cha Lhotice. Ishirini na sita kati ya hiyo akiwa msimamizi wa usalama. Tunamfurahia. Tunaogopa pia, na si vibaya kulisema.

Anilini inatulisha. Ni mafuta yasiyo na rangi ambayo yakikaa hewani hugeuka kahawia, na huishia kwenye rangi ya jinzi, kwenye matairi na kwenye sponji za magodoro. Inanuka samaki aliyeoza, ila pua huizoea upesi, na hilo ndilo lililomnyima Drahomíra raha. Hupenya ngozini bila kuuma, ikaifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Dalili ya kwanza ni midomo ya buluu. Kwa hiyo kila zamu alitukagua midomo mlangoni, na waliopaka rangi aliwarudisha wakaifute.

Februari 2003 boliti za pampu zililegea, na fundi Bořek Slavíček akarukiwa na anilini mapajani. Alijifuta kwa kitambaa, akamaliza zamu, akaenda kantini na suruali ile ile. Drahomíra akamkuta kwenye foleni ya supu ya kabichi.

"Hebu sogea kwenye mwanga."

"Baridi tu hii, mama. Nikinywa bia moja itaisha."

"Bia ndiyo itakumaliza. Twende bafuni."

Alimkata suruali kwa mkasi, akavaa glavu, akamsugua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Bořek alikuwa akicheka kwamba mkewe akisikia patakuwa hapatoshi. Kisha akaacha kucheka, akauliza kwa nini taa zimefifia. Gari la wagonjwa lilipofika uso wake ulikuwa wa kijivu.

Hospitalini alidungwa dawa ambayo yenyewe ni rangi ya buluu. Drahomíra alikaa nje ya mlango kwa muda wa saa nne, nguo zimemlowa, kahawa akaikataa. Kesho yake Bořek alimpigia simu.

"Mama, nakojoa kijani. Ndiyo nakufa?"

"Hufi, mwanangu. Ni dawa inatoka."

Akakata simu, akacheka mpaka akalia.

Baada ya hapo alibishana na uongozi miaka miwili mizima, hadi pampu zote zikabadilishwa. Tangu siku ile hakuna mtu wa kitengo chetu aliyelazwa kwa sababu ya anilini.

Nafasi yake anaichukua Bořek. Wiki iliyopita alimuuliza Drahomíra itakuwaje siku moja asipoiona midomo ya buluu.

"Utakuwa unakosa usingizi," Drahomíra akamjibu. "Mimi nimeukosa miaka ishirini na sita. Jicho linazoea kutazama."

Asante, mama, kwa kila jioni tuliyorudi nyumbani wazima. Nenda kalale sasa, ulale mpaka jua likuchome, na wasiwasi huu utuachie sisi.