Hewa Tuliyoifagia kwa Ajili ya Mgeni

Mheshimiwa mjumbe wa Bwana Meya, Shefu Hyacinthe wa mtaa wetu, viongozi wa makanisa na wa msikiti, ndugu wazazi, walimu wenzangu, na wewe Mwalimu Ornella ambaye leo tunakuaga: karibuni katika uwanja wa shule yetu.

Mimi kama direktrisi, mkuu wa shule hii, nimeombwa nimsifu Mwalimu wetu. Nitamsifu, lakini sifa za leo zina wengi wa kugawana, na si wote watakaozifurahia.

Darasa la Mwalimu Ornella ndilo lililo karibu na jalala. Mnajua takataka za mtaa zinavyochomwa pale kila asubuhi, na upepo wa ziwa unavyosukuma moshi madirishani. Mwaka jana kifua kilipoanza kumbana, alikwenda ofisi ya meya akaomba hewa ya mtaa ipimwe. Akajibiwa kwamba kipimo kikionyesha ubaya, jalala litahamishwa. Akaja fundi Ezéchiel, akatundika chombo ukutani kivute hewa wiki nzima, kipime vumbi na moshi.

Na ninyi, watu wa heshima, mlifanya nini? Shefu Hyacinthe alipiga marufuku kuchoma takataka, maana mtaa una mgeni. Mama Mwamvua alimwagia barabara maji asubuhi na jioni. Michée na wenzake wa taksi-moto, watu wanaopiga honi hata msibani, walizima pikipiki wakazisukuma kwa mikono mbele ya geti letu. Nilipouliza, Mama Mwamvua alinijibu: "Sasa weye Direktrisi, mugeni iko kwetu, unataka tumupokee na moshi?"

Nilimweleza kwamba mgeni amekuja kwa ajili ya moshi huohuo. Akacheka, akaendelea kumwaga maji.

Nani amewahi kuona mtaa unajisafisha ili upimwe uchafu? Chombo hakikukosea; kilisema kweli juu ya wiki ile. Hewa nzuri, kikasema. Jalala likabaki palepale, na fundi alipoondoka tu mkachoma takataka zote mlizokuwa mmemfichia.

Mwalimu Ornella hakuwagombeza. Alifundisha huku amejifunika kitenge puani, na kila alipopata nafasi alirudi ofisi ya meya kuomba kipimo cha pili. Mwaka mzima ulipita kabla hajakubaliwa. Safari hii alimsihi Ezéchiel aje bila kutangazwa. Chombo kimekaa juu ya dirisha lake mwezi mzima, na hakuna aliyekifagilia njia. Mheshimiwa mjumbe ametuletea jibu leo: hewa yetu ni mbaya, na jalala litahamishwa kabla ya mvua.

Naona mnapiga makofi. Ngojeni kwanza. Daktari amemkataza Mwalimu Ornella kuvuta moshi huu hata muhula mmoja zaidi. Kesho anahamia Luvungi, na watoto watakaofungua madirisha ya darasa lile hawatamkuta. Inaniuma, nalisema wazi. Huyu ndiye aliyewatafutia watoto wenu hewa, na sisi kwa adabu zetu tulimchelewesha mpaka kifua chake kikashindwa.

Mwalimu, pokea shukrani zetu. Nanyi ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia. Kama mwaka jana tungemwonyesha fundi maisha yetu yalivyo, leo tungekuwa tunaaga jalala.